Kunazi Kwenye Mfuko wa Dawa

KITUO CHA POLISI, DAEGU
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Pyo Mal-sun. Umri: miaka 64. Kazi: kuchemsha maji ya matunda na mizizi ya kujenga mwili na kuyafunga kwenye mifuko. Makazi: juu ya duka langu, mtaa wa dawa.

Mimi ni mama mzazi wa mlalamikaji, Gwak Hye-rin, miaka 36. Nimeitwa nieleze jinsi Daktari Tak Gyu-ho alivyompa dawa bandia.

Hadi mwezi Juni binti yangu alikuwa ameshuka kutoka kilo 82 hadi 74. Hapo mzani ukagoma miezi mitatu. Akaniambia, "Mama, nakula majani kama sungura na siteremki." Nikamwambia sungura nao hunenepa. Hakucheka.

Mnamo tarehe 4 Septemba 2023 alikwenda kwa Daktari Tak, mtaani kwetu. Alipimwa mapigo ya mkono, akachomwa tumboni sindano nyembamba zisizo na dawa, akapewa mifuko ya dawa ya mizizi, anywe asubuhi na jioni. Kufikia tarehe 25 alikuwa na kilo 71. Dawa ilifanya kazi, hilo siwezi kulikana. Ila aliacha kula na mimi. Nikawa napika wali wa mtu mmoja.

Tarehe 26, saa nne asubuhi, yeye akiwa kazini, niliimwaga dawa yote. Nikajaza mifuko mingine maji ya kunazi na asali, nikaifunga kwa mashine yangu. Mtaa mzima tunatumia mifuko ya aina moja. Hamu yake ya kula ilirudi. Alikula na mimi siku kumi na nane.

Tarehe 14 Oktoba mzani ulirudi 74. Saa tano asubuhi tulifika kliniki. Binti akasema, "Wewe ni daktari au mpiga ramli?" Daktari akakata mfuko, akaonja.

"Dada, hii si dawa yangu. Hii kunazi." Akaonja tena. "Na imepikwa vizuri."

Akanitazama. Nikageukia mlango.

"Anakana dawa yake mwenyewe! Mama, piga simu polisi."

Nikapiga mimi.

Leo nimeambiwa daktari anaweza kunyang'anywa leseni. Nilikuja hapa kusema mengine, lakini ukweli ndio huu.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Naomba binti yangu aambiwe na mimi mwenyewe, nyumbani, tukishakula.

Sahihi: Pyo Mal-sun

MAELEZO YA ASKARI: Shahidi alisahau miwani, hivyo nimemsomea haya yote kwa sauti kabla hajatia sahihi, kama utaratibu unavyotaka. Mlalamikaji alikuwa kwenye benchi nyuma yetu. Amefuta malalamiko dhidi ya daktari. Kuhusu mama yake, amesema bado anafikiria.

Askari Do Seung-pil, 16 Oktoba 2023, saa 9:20 alasiri.