Kitufe cha Papa Ameshuka

Mama, jambo sana.

Mvua ya Kisangani imenijazia matope hadi mlangoni, lakini nimeshiba lituma ya ndizi na samaki, kwa hiyo usiwaze habari ya chakula.

Leo watoto ninaowafundisha kutengeneza programu za simu walionyesha kazi zao. Ya Ruth, wa miaka kumi na mmoja, ina kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza, simu ya mama yake inalia huko sokoni na kuandika: "Papa ameshuka." Baba yake ni mvuvi wa kabila la Wagenia. Kila asubuhi anapanda miti iliyosimikwa kwenye maporomoko ya mto ili akague mitego yake.

Nikashauri baba mwenyewe ndiye abonyeze. Darasa zima likacheka.

"Mwalimu, papa anashika miti na mikono yote mbili," Ruth akasema. "Simu iko na mimi. Nabakia kwa majiwe, namuangalia."

"Kama wewe unamwona, programu ya nini?"

"Iko ya mama. Yeye haoni."

Nilikuwa nimeandaa somo la kuongeza rangi na picha. Nikaliacha.

Kadi hii anakuletea ndugu yako, tonton Kasereka, anayerudi Butembo na mizigo yake ya dukani. Magoti yako yapone, na uwasalimie wa nyumbani wote.

Mama, nilifika huku salama tangu juma lililopita, nami sikukujulisha. Simu ilikuwa mkononi, na mikono yangu haikuwa imeshika mti wowote.

Binti yako,
Kavira