Pikapu Inayolala Kichwa Chini

Jumanne, 15 Julai
Samahani, daftari. Tangu Rehema aanze kuota meno sijakushika. Usiku silali, mchana napeleka kabichi za watu sokoni.
Leo pikapu imezima tena, kwenye mteremko wa Soni. Nimepiga ufunguo mpaka betri imechoka. Rehema analia mgongoni. Wapita njia wamesukuma, wapi. Kabichi zimehamishiwa gari jingine. Aibu.

Jumatano, 16 Julai
Fundi Kaniki kalivuta gari mpaka uani kwake, palipo tambarare. Katoa upepo kwenye dizeli, likawaka, likanguruma mpaka mchana. Kasema ni zima.
Nimeliegesha nyumbani kichwa kikitazama bondeni, kama wote huku juu. Asubuhi unaachia breki, mteremko unakuwashia.

Alhamisi, 17 Julai
Liliwaka, likakohoa, likazima. Siku ya gulio! Nimelia kidogo, nikanyonyesha, nikanyamaza.
Baba Rehema kapiga simu toka Mnazi, anakolima. Jumapili anakuja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Eti nisibishane na mkweche.
Nikamwambia, "Niachie mpaka hiyo Jumapili, Baba Rehema. Likinishinda nitalifunga kamba mwenyewe."
Bila gari narudi kubeba kichwani, mtoto mgongoni. Sirudi.

Ijumaa, 18 Julai
Majirani wamelisukuma mpaka barabarani, kwenye tambarare. Fundi katoa upepo, likawaka. Hata yeye kaanza kukuna kichwa.
Jioni lori la mbao limeziba nafasi yangu. Nimeegesha kichwa juu, jiwe nyuma ya tairi. Mama mkwe kacheka sana. "Mwanangu, kesho utalisukuma kupanda?"

Jumamosi, 19 Julai
Limewaka mara moja.
Sikuamini. Nikalizima, nikaligeuza kichwa bondeni, nikaenda kufua. Niliporudi nikawasha. Likakohoa, likazima.
Nikamwita fundi. Kalala chini ya tenki, kacheka peke yake humo. Bomba linalovuta mafuta liko nyuma. Sisi tunaweka dizeli ya safari moja tu. Gari likiinama, mafuta yote yanakimbilia mbele, bomba linavuta upepo.
Kumbe tunaliegesha hivyo ili liwake, na ndivyo tunavyolizima. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Jumapili, 20 Julai
Nimewasha mbele yao, kichwa juu, tenki nusu. Mnunuzi kanywa chai, kaaga.  Baba Rehema kambeba mtoto, wakakaa kwenye usukani muda mrefu.
Kesho anashuka kurudi Mnazi. Nimemwambia asinitumie maneno matupu kama lile tenki. Anitumie na basi kutoka Mombo: betri mpya, maana kichwa juu hakuna kusukuma. Filta ya dizeli. Kipande cha mpira wa mafuta na klipu mbili. Dumu lenye mfuniko unaobana.