Mluzi wa Mashine ya Sikio Siku ya Posa

Ijumaa. Ukungu umekaa mlangoni tangu asubuhi kama mgeni asiye na adabu, na kuni mbichi zinanitoa machozi. Roho haitulii. Nimekaa, nimesimama, nimefagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Kesho wale watu wa posa wanarudi.

Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alituambia tuandike kila siku, mkono usije ukasahau kalamu na kurudia jembe. Basi naandika. Herufi zangu zimelala upande kama mahindi baada ya upepo, lakini ni zangu.

Jumamosi iliyopita walikuja kumposa mjukuu wangu Zaina. Kwetu binti hatoi jibu lake kwa sauti, ataambiwa hana haya. Humnong'oneza bibi yake, bibi naye hutoka barazani akawaambia wanaume. Nami nilinong'ona hivyo hivyo enzi zangu. Tatizo ni masikio yangu, yameanza kunitoroka. Mwanangu anayefanya kazi Tanga alikuwa ameniletea mashine ya sikio: kisanduku cha kuenea kiganjani, waya mmoja, na kidude cha kuchomeka sikioni. Hospitali walimwambia kisanduku kikae kifuani.

Kifuani! Nitembee na sanduku kifuani, watoto wanifuate njia nzima wakingoja taarifa ya habari? Nikakifunga ndani ya kilemba, juu ya sikio, nikashusha khanga. Hakuna aliyejua.

Zaina alipoinama kuninong'oneza, kisanduku kikapiga mluzi. Si mluzi mdogo. Kuku walikimbia. Mama Shabani, mke wa shemeji yangu Mbaruku, akacheka mpaka akashika mlango: "Bibi yake Zaina, umebandika birika kichwani?" Wageni nao wakacheka. Zaina akakimbilia jikoni. Mimi nikatoka barazani, nikawaambia warudi Jumamosi nyingine, binti yetu si mbuzi wa mnadani.

Walipoondoka, Mbaruku akanijia na sauti ya upole. "Shemeji, safari ijayo mke wangu ndiye atakayemsikiliza mtoto. Wewe pumzika."

Nipumzike! Mama Shabani ni shangazi yake huyo kijana anayeposa. Zaina akimnong'oneza kwamba tumbo linamuuma, yeye atatoka na vigelegele.

Na kijana mwenyewe anahamia kijiji kipya cha ujamaa, kule chini nyikani, kupita Mombo. Anasema watapata shamba, shule na zahanati. Sawa. Joto na mbu pia watapata. Nimemuuliza Zaina jikoni, unamtaka? Anatafuna ncha ya khanga. Simlaumu. Jibu la jikoni si jibu.

Leo asubuhi nikashuka Lushoto mjini kwa Salimu, fundi redio. Akaniamkia vizuri, akakifungua kisanduku kama anayechambua dagaa. Akanieleza: sauti inaingia kwenye kisanduku, inakuzwa, inatokea sikioni. Kisanduku kikiwa hapo hapo jirani, kinaisikia ile iliyotoka, kinaikuza tena, inatoka tena, inazunguka hivyo mpaka inakuwa mluzi. Nguo ikifunika, au kichwa cha mtu kikisogea karibu, ndiyo inazidi kurudishwa.

"Kama mmbeya," nikamwambia, "anayekutana na maneno yake mwenyewe sokoni, akayabeba tena kama habari mpya."

"Ndiyo hivyo, Bibi. Kiweke kifuani, mbali na sikio."

"Sikukuuliza mavazi yangu. Tengeneza."

Akapasha chuma chake cha kulehemu kwenye makaa, akaunganisha ndani kidude kingine, cha kuzuia sauti nyembamba zisipite, maana mluzi ni sauti nyembamba. Kweli, mluzi ukafa. Nikamsikia yeye, nikasikia lori la kabichi, nikasikia wanaume wakibishana kwenye kahawa. Nikapanda kilima kwa maringo.

Nyumbani Zaina akaniamkia. Naona midomo inakwenda, sauti hakuna. Nikamwambia arudie. Akarudia. Hewa tupu.

Kidude kimefukuza mluzi pamoja na mjukuu wangu.

Nikateremka tena, magoti yakilalamika, nikamkemea Salimu mbele ya wateja wake. "Umeniachia wanaume tu! Hao nimewasikia maisha yangu yote!" Duka zima likacheka, naye akacheka, mjinga yule. Akasema kidude hicho hakijui kutofautisha mluzi na msichana, wote kwake ni wembamba. Anaweza kukilegeza, sauti nyembamba zipite kiasi, mluzi upungue lakini usife. Kilichobaki ni kazi yangu: kisanduku kikae mbali na sikio.

Nikamwachia akilegeze. Simpendi mtu anayesema kweli kabla sijamaliza kukasirika.

Basi nimeamua. Kesho kisanduku kitakaa kifuani, juu ya gauni, kila mwenye macho akione. Mama Shabani acheke mpaka meno yamdondoke. Zaina hatainama sikioni. Atainama kifuani, ainong'oneze mashine.

Jioni tumejaribu, mlango tumefunga. Akainama, akanong'ona: "Bibi, maharage yanaungua." Nimesikia kila neno, na mluzi haukutoka. Na maharage kweli yalikuwa yanaungua.

Sasa ningetulia. Situlii.

Wiki nzima nimeugombeza ule mluzi, kumbe ulikuwa unanisitiri. Maadamu sijasikia, Zaina yumo humu ndani, anachota maji, anaunguza maharage. Akisema hapana, nitatoka barazani kichwa juu, Mbaruku atafute pa kutazama. Lakini mtoto huyu wiki hii amekuwa akisuka ukili wa mkeka mpya, na mikeka yetu haijachakaa. Nina macho. Hayo hayajanitoroka.

Mama Shabani angetoka na jibu lake yeye. Mimi je? Hapa peke yangu nakiri: limenipitia wazo la kukirudisha kisanduku kilembani, mluzi urudi, niseme sikusikia, warudi Jumamosi nyingine, na nyingine tena.

Hapana. Bibi ni mlango wa neno la mtoto. Mlango hauchagui nani atoke.

Nitalibeba kama atakavyolinong'ona, hata likiwa la kumteremsha nyikani. Kusikia nitasikia. Lakini nikishasimama mbele ya wanaume wale, hiyo "ndiyo" yake nitaitamkaje bila sauti kunikatika?