Kaka Teodori na Kanda Iliyoanzia Upande wa Pili

Mwaka umetimia, kaka Teodori, tangu tukuzike kule Mwimbi. Kwa miezi saba kabla ya hapo mimi na wewe hatukuwa tunaongea, na sababu ilikuwa kanda ya muziki wa roki. Mimi ndiye niliyeanza.

Watu wa Katandala walikujua kwa ufundi wa redio. Redio ya bibi asiye na kitu uliitengeneza kwanza, ya bwana mkubwa ikasubiri. Koti lako la kijivu hukulivua hata Oktoba, joto likiwa kali. Na hakuna aliyetoka kibandani kwako bila kusikiliza roki, apende asipende.

Santuri ulizinunua Mbala, ng'ambo ya mpaka, ukazivusha kwa baiskeli zikiwa zimeviringishwa kwenye blanketi, ukazirekodi kwenye kanda. Kiingereza hatukukijua, na mimi niliyeishia darasa la tano ndiyo kabisa, kwa hiyo tuliziita kwa picha za majalada. Ile ya ng'ombe uliisema, "Ng'ombe mzuri, ila hana maziwa." Wateja walicheka, wewe hukuwa unatania. Ile nyeusi yenye upinde wa mvua uliiheshimu. Ikianza, uliweka bisibisi chini. Mimi nikasema inafaa kusinzilia.

"Wewe Seba," ukanijibu, "masikio yako ni ya kuuzia mahindi."

Uliyoipenda kupita zote ni ile ya watu wanne wanaovuka barabara, mmoja wao peku, kama tulivyokwenda shule sisi. Kwenye kanda yako ilianza na gitaa la taratibu, na mwisho ikakatika ghafla muziki ukiwa bado umepamba moto. Nilikuambia kanda ilikuishia. Ukasema, "Hapana, wamekata wenyewe." Tulibishania hilo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Ndipo binti yako Leonia akaipata kwenye simu. Kumbe ulikuwa sahihi, wamekata wenyewe. Hilo nikalipita kama sijalisikia. Nikashika jingine, kwamba kwenye kanda uliutanguliza upande wa pili wa santuri, wa kwanza ukauweka nyuma. Nikasema mbele ya wateja, "Fundi gani huyu, miaka yote anatupigia santuri kinyumenyume! Na redio zetu je?"

Wakacheka. Lakini neno la redio halikuwa la muziki tena, lilikuwa la kazi yako. Ulifuta mikono ukasema, "Sawa, mdogo wangu." Nikaenda zangu, na sikurudi. Nilijiambia wewe ndiye mkubwa, utaniita.

Baada ya mazishi shemeji Jovina akanieleza. Ulijua tangu siku ya kwanza kwamba umeanza na upande wa pili. "Alisema upande ule wa kwanza ni mkali," akaniambia, "na asubuhi watu wanaingia na baridi yao, bora waanze na ule mpole."

Nikamuuliza, mbona hakunijibu?

"Hata mimi nilimuuliza, shemeji. Akasema, 'Seba ameshafurahi kunishinda, mwache afurahi. Atakuja.'"

Nimeisikiliza kwa mpangilio wao, halafu kwa mpangilio wako. Maoni yangu ni haya, na nayasema mbele ya wote: wako ni bora. Kuhusu ile ya ng'ombe bado nabisha. Ulimwonea.

Unakumbukwa na mkeo Jovina, binti yako Leonia na mumewe Lugano, dada yetu Dominika wa Kabwe, wajukuu zako, mafundi wenzako wa Katandala, na mimi mdogo wako Sebastiani. Hatutakusahau siku zote tutakazojaliwa kuishi.

Neno lile moja limenigharimu miezi saba. Ndani yake zimo Jumapili thelathini, Krismasi moja, na ubatizo wa mjukuu wako ambao niliukwepa. Ulilazwa mara mbili, sikuja. Mara ya tatu nilikuja, nikafika saa nne asubuhi. Ulikuwa umefariki saa mbili.