Glasi ya Kupimia Maziwa

Jumatatu, 2 Juni
Kikohozi tangu alfajiri. Uji, dawa, redio. Saa mbili jirani yangu Dafroza kaleta kikombe cha maziwa, kama kila siku tangu niugue. "Shikamoo, Mwalimu." Alipotoka nimempa paka. Mimi nakunywa ya pakiti. Binti yangu ananinunulia supamaketi ya Mbinga mjini. Yametoka mbali, hayana ladha. Nayanywa.

Jumanne, 3 Juni
Ni wivu. Niandike hivyo hivyo, sina muda wa kupamba.
Dafroza ni mtu wa Lundo, wa ziwani. Alipoolewa huku kijijini kwetu Ruanda tulimwita mtoto wa samaki. Hakujua hata kushika chuchu ya ng'ombe. Nilimfundisha mimi. Ng'ombe wake wa kwanza alizaliwa zizini kwangu. Kanuni ya kikundi chetu cha wafugaji ni kwamba ndama jike wa kwanza anapewa jirani. Ndama yule akakua, akatoa maziwa mara mbili ya mama yake. Watu wakaanza kwenda kwake kuuliza mambo ya ng'ombe. Kwangu walikuja kusalimia tu.

Alhamisi, 5 Juni
Mzee Kolumba, mwenyekiti wetu, amekuja. Supamaketi iko tayari kununua tena maziwa yetu, kwa bei ya maana. Sasa hivi tunamuuzia mchuuzi wa pikipiki, na bei anapanga yeye: lita moja haifiki bei ya soda. Aliyekwenda mjini mara nyingi kuomba ni Dafroza. Lakini mnunuzi wao ana sharti. Yule ambaye maziwa yake yaliganda kwenye kipimo miaka mitatu iliyopita asiwemo. Yaani huyo huyo Dafroza. Mkutano ni Jumapili, uani kwangu, maana siwezi kutembea. Wanataka nithibitishe, kwa kuwa mpimaji nilikuwa mimi.
Nimefurahi. Kisha nimeogopa jinsi nilivyofurahi.

Jumamosi, 7 Juni
Padri kaniletea komunyo. Nimeungama.
Siku ile mnunuzi alipokuja kukagua, niliacha mtindi kidogo chini ya glasi ya kupimia. Nikamimina maziwa ya Dafroza, nikaongeza spiriti ya kupimia, ile inayogandisha maziwa yaliyoanza kuchacha. Yakaganda mbele ya watu wote. Mnunuzi akasema maziwa yenu yanaingia tangi moja, basi siyachukui kabisa. Akajaza rafu zake maziwa ya pakiti. Nilitaka kumwangusha mmoja, nikaangusha kikundi kizima. Mwaka uliofuata na mimi niliuza ng'ombe wangu. Bei ya mchuuzi haikutosha hata pumba.
Padri akasema: "Mungu amesikia, Mama. Wafugaji bado."
Nimemchukia jioni nzima.

Jumapili, 8 Juni
Nimesema. Nikiwa kwenye kiti, blanketi magotini, mbele ya mnunuzi. Mzee Kolumba akacheka kidogo: "Mwalimu, hiyo ni homa." Nikarudia, polepole, kama imla. Mtindi. Glasi. Mkono wangu.
Mtu nyuma akasema, "Na tulimpa mwenzetu jina la Mama Mgando." Hakuna aliyecheka.
Dafroza hakulia wala kunitukana. "Miaka mitatu, Mwalimu, naosha ndoo mara mbili kwa maji ya moto. Nikidhani ni mimi." Kisha akamgeukia mnunuzi, wakaendelea na bei. Mimi sikuulizwa tena kitu.

Jumatano, 11 Juni
Nimelala siku mbili. Pumzi fupi.
Binti yangu anasema wamekubaliana. Bei si ile tuliyoomba, ila inalisha ng'ombe na mwenye ng'ombe. Maziwa ya Dafroza yamo. Mpimaji wamemchagua yeye.
Asubuhi hii nimefunguliwa dirisha. Wanapokelea maziwa ng'ambo ya barabara. Nimemsikia Dafroza akiita majina ya wafugaji, mmoja mmoja, kwa lafudhi ya ziwani inayovuta maneno. Hakuna aliyebishana naye. Anaifanya kazi ile vizuri kuliko mimi.
Wivu bado upo. Nimemsikiliza hadi jina la mwisho.