Milioni na Moja

Élisabethville, Kamalondo, 12 Mei 1955

Yaya Clovis, kaka yangu mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nawe huko Jadotville. Je, kikohozi kimekuacha? Na mchumba wako Delphine hajambo? Sisi tu wazima. Mama anauliza kama unakula, maana anasema katika picha mashavu yako yameingia ndani.

Unajua Baba alitaka niache masomo mwaka huu. Sista Brigitte alikuja nyumbani kuomba niende shule ya walimu. Baba akamjibu kwa heshima kwamba kusoma nilikokwisha jua kunatosha kutambua pakiti ya chumvi na ya sabuni. Lakini akasema nikiwashinda wavulana wa shule ya Mapadri katika shindano la hesabu, atafikiri tena.

Basi shule zote mbili, yetu ya Masista na yao, zikapewa swali moja: je, milioni na moja inagawanyika kwa namba nyingine, isipokuwa moja na yenyewe? Nikajaribu tatu, saba, kumi na moja, nikaendelea. Kila mara kilibaki kitu. Annie, jirani yangu wa dawati, alichungulia karatasi yangu akacheka hadi Sista akageuka. Mahali pa baki nilikuwa nimeandika “mgeni”, kwa kuwa Mama akigawa samaki, kinachobaki ni cha mgeni. Akaninong'oneza kwamba namba yangu ina wageni kushinda ndoa ya Kamalondo.

Wavulana walifika tisini na saba, wakasema haigawanyiki, wakaenda kucheza mpira. Mimi nikajaribu mia na moja. Hakikubaki kitu, Yaya! Mia na moja mara elfu tisa mia tisa na moja, kamili.

Sista akauliza kama hiyo elfu tisa mia tisa na moja nayo inagawanyika. Nikafikiri, nikamjibu hapana, bila kuandika lolote. Kama ingegawanyika, kigawanyo chake kimoja kingekuwa chini ya mia, na kingegawanya milioni na moja pia. Lakini zilizo chini ya mia zilikwisha shindwa zote. Sista alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Baba alipoambiwa aliuliza mara mbili kama wavulana hao walikuwa wakubwa. Kisha akaniita niketi, na hili ndilo linalonifanya niandike. Jamaa ya kijana mmoja aitwaye Floribert wamekuja kuniposa. Mahari yangu ndiyo ingekwenda kwa wazazi wa Delphine, ili nawe uoe. Sikujua, Yaya. Nilidhani Baba hapendi tu msichana asome. Amesema nikiendelea na shule, wewe utangoja miaka, kwa hiyo neno ni lako.

Ukisema niolewe, nitaolewa, na sitakununia. Ila nilitaka usikie kwangu mwenyewe kwamba natamani kufundisha hesabu kuliko kitu chochote. Tafadhali mpe Delphine barua hii aisome kabla hujanijibu. Anayengojeshwa ni yeye pia.

Baba na Mama wanakusalimu sana. Mungu akulinde kazini.

Mdogo wako akupendaye,
Germaine