Uzi wa Sufu wa Kijani

Baba mpendwa,

Jana nilifungua lile kopo lako la nati nikaukuta uzi wa kijani wenye mafundo mawili. Kumbe uliutunza miaka yote hii! Nilicheka, kisha nikakaa chini pale pale jikoni.

Unakumbuka Jumamosi ile, Kaloleni? Gia ya mbele ya baiskeli yako, ile inayovuta mnyororo, ilikuwa imevunjika meno matatu, na Jumatatu alfajiri ulitakiwa kusambaza mikate Buruburu mpaka Donholm. Ukanituma Gikomba nitafute nyingine. Rula yangu ya shule hukuiamini hata kidogo. "Hiyo namba zake zinaanzia ndani," ulisema. "Chukua uzi wa katani. Funga fundo kwenye tundu hili la skrubu, na lingine kwenye tundu jirani. Uzi haudanganyi."

Uzi wa katani sikuuona, nami nilikuwa na haraka zangu, nikakata sufu ya mama ya kufumia sweta. Sufu, baba! Kule sokoni kila gia niliyoipima ilikubali, maana sufu hunyumbuka, nami nilivuta tu kidogo. "Siste, hii ndiyo yenyewe, beba tu!" muuzaji akasema. Nikabeba, kichwa juu.

Jumapili baada ya kanisa matundu ya gia yakagoma kulingana na ya baiskeli. Uliutazama uzi, ukauvuta, ukacheka mpaka mama akatoka nje. Hukunigombeza. Jumatatu ukaisukuma baiskeli na kreti zake kwa miguu.

Hili sijawahi kukwambia. Saa nne, wakati wa mapumziko, ulipita kando ya uwanja wetu wa shule, mikate bado hujaimaliza. "Cheki huyo mzee, baiki imemshinda!" mwenzangu mmoja akasema. Wote wakacheka. Nami nikacheka. Kosa lilikuwa langu, jasho likawa lako, na bado nilicheka ili wasijue wewe ni nani kwangu. Uligeuka, ukaniona. Ukashusha kofia usoni, ukaendelea kusukuma.

Nilijiambia ni jua tu. Nimekuwa mama ndipo nikaelewa kwamba ulikuwa ukinisitiri. Naona aibu, baba. Nisamehe.

Uzi nimeurudisha koponi. Lakini ungepita leo, ningepaza sauti uwanja mzima usikie: "Huyo ni babangu!" Kisha ningetoka tusukume pamoja.

Pumzika, mzee wangu.

Ni mimi,
kifunguamimba wako